Miezi Minane katika Klabu ya Wasanii Dodoma: Inafundisha Vizuri, Bado Haijajua Kutunza

Kwa miezi minane sasa nimekuwa mwanachama wa klabu moja ya wasanii hapa Dodoma, nikilipa ada ya shilingi 20,000 kila mwezi na kuhudhuria karibu kila Jumamosi. Kwa kuwa watu kadhaa ofisini na mtaani wameniuliza kama fedha hiyo inakwenda mahali panapostahili, nimeona niandike tathmini hii kwa utulivu na kwa kirefu. Sitaitaja klabu kwa jina, kwa sababu ndani ya maelezo haya limo lalamiko langu binafsi ambalo viongozi wamelisikia na wameanza kulishughulikia. Anayefuatilia sanaa mjini hapa ataitambua bila taabu. Jibu langu ni kwamba fedha inastahili, na kwamba mipango iliyotangazwa kwa msimu ujao ni mizuri kuliko yote niliyoisikia tangu nihamie Dodoma. Hata hivyo, klabu hii inajua kufundisha kuliko inavyojua kutunza, na mipango hiyo isipoanzia kwenye utunzaji wa kazi zenyewe, watakaoumia ni wasanii.

Klabu imepanga nyumba ya zamani yenye vyumba vitatu, baraza ndefu na uwanja wenye miarobaini miwili, na chini ya miarobaini hiyo ndipo masomo mengi hufanyikia. Wanachama wake wanaonyesha jinsi mji ulivyobadilika. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini wengi wetu tuliohama na ofisi za Serikali tumefika katika miaka hii ya karibuni, na kwenye baraza ile mtumishi wa wizara hukaa mkeka mmoja na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, fundi wa kuandika mabango, mama anayefinyanga vyungu na kijana wa Kigogo anayepiga zeze. Sijaona mahali pengine mjini ambapo watu hawa huketi pamoja kwa saa tano bila mmoja wao kuwa mteja wa mwingine.

Somo la kwanza nililohudhuria lilikuwa la kuchora kwa mkaa, na ndilo lililonifanya nirudi. Mwalimu, mzee aliyeandika mabango kwa mkono kwa miaka mingi kabla kazi hiyo haijachukuliwa na mashine za kuchapa, alitupeleka kwenye mbuyu ulio nyuma ya mtaa akatutaka tukae chini tuuchore. Niliumaliza upesi: shina nene, matawi machache yaliyotapanyika juu, basi. Alisimama nyuma yangu kwa muda, kisha akaniambia, "Mama, huo ni mbuyu unaoujua. Sasa tuchoree huu ulio mbele yako." Nilipotazama upya ndipo nilipoona mstari wa makovu uliopanda kwenye gome, mahali watu walipopigilia vigingi vya kukwea ili wachume mabuyu, na chini kidogo sehemu pana iliyobanduliwa ngozi kwa ajili ya kamba, ambayo mti ulikuwa umeanza kuifunika kwa gome jipya lenye rangi ya majivu na zambarau. Shina lilikuwa limejikunja karibu na ardhi mikunjo mitatu, na ndani ya mkunjo wa katikati kuku alikuwa amelala. Nilichora tena kwa saa moja na nusu, na karatasi hiyo bado imo kwenye droo yangu ya ofisini.

Huo ndio mtindo wao wa kufundisha, na ninausifu kwa dhati. Hakuna anayeanza kwa kunakili twiga na machweo ya jua yanayouzwa kwa watalii. Mwanafunzi huanza na kitu kilichopo Dodoma, kwa mwanga wa Dodoma, na mwalimu hupita kwa kila mmoja akisahihisha kwa mkono wake, si kwa hotuba. Siku wanafunzi wanapozidi ishirini usahihishaji huo hupungua, na kwa maoni yangu klabu ingefanya vyema kugawa darasa la asubuhi mara mbili.

Jambo ambalo sikulitarajia, na ambalo naona lina thamani kuliko yote wanayofundisha, ni namna ya kupaka rangi katika hewa hii kavu. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni kitu cha nadra hapa, na upepo wa katikati ya mwaka hubeba vumbi jekundu hadi ndani ya makabati. Rangi za akriliki hukauka kwa maji yake kupotea hewani, kwa hiyo mtu aliyezoea kuzitumia Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu, hushangaa kuona zimegandia kwenye paleti kabla hajamaliza kuzichanganya. Rangi za mafuta zina tabia nyingine kabisa: hazikauki kwa kupoteza maji bali kwa mafuta yake kuungana na oksijeni ya hewani, kazi inayoweza kuchukua siku nyingi au majuma, na kwa muda wote huo uso wa picha hunata na kukaribisha kila punje ya vumbi inayopita. Waalimu wa klabu wana dawa ya matatizo yote mawili. Kwa akriliki hutumia sinia lenye kitambaa kilicholoweshwa maji, juu yake karatasi laini, na rangi huwekwa juu ya karatasi hiyo ambako hubaki mbichi mchana kutwa. Pembeni huwepo chupa ya kupulizia maji. Kwa rangi za mafuta hufundisha kuegemeza picha ukutani ikiwa imeinamia mbele, uso ukitazama chini kidogo, ili vumbi litue mgongoni. Ni mambo madogo, lakini yaliniokolea fedha, kwa maana tubu moja ya rangi nzuri hapa mjini ni ghali na aghalabu huagizwa kutoka Dar.

Kwa sababu hiyo hiyo ya gharama, wengi wetu hupaka kwenye hadibodi badala ya turubai, baada ya kuipiga msasa na kuipaka rangi nyeupe ya kwanza mara mbili. Hakuna haja ya kuiona njia hiyo kuwa ya kimaskini. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972 akiwa ameacha mtindo uliobeba jina lake duniani kote, alianza Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli juu ya ubao wa aina hiyo.

Somo ninalolikumbuka kuliko mengine lilikuwa la kutengeneza rangi kwa udongo. Tulichimba udongo mwekundu kwenye ukingo wa korongo, tukauanika, tukausaga juu ya jiwe ambalo mama mmoja alilileta kutoka nyumbani kwake, jiwe lile lile alilosagia uwele bibi yake. Kisha tuliutia kwenye beseni la maji, tukaukoroga, tukasubiri mchanga uzame, na maji yaliyobaki na wekundu wake tukayamimina kwenye beseni la pili kupitia kipande cha khanga kuukuu. Kesho yake maji yalikuwa yametulia na chini kumebaki tope laini mno, laini kuliko poda ya mtoto, ambalo tulilikausha tena na kulichanganya na kiini cha yai. Wekundu huo unatokana na chuma kilichomo udongoni, na haupauki juani kama zinavyopauka wino nyingi za dukani. Nilipaka nao ukuta wa tembe, nyumba ya Wagogo yenye paa bapa la udongo, na kwa mara ya kwanza rangi ya picha yangu na rangi ya kitu nilichokichora zilikuwa kitu kimoja.

Mchana, baada ya chakula, zamu huwa ya muziki, na hapa klabu ina utajiri ambao nadhani haijaupima sawasawa. Tuko katika nchi ya marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuupeleka muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo, kwenye majukwaa ya dunia, na vijana wanaokuja Jumamosi hupiga zeze na ilimba, kinanda cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole, kwa ufundi wa kurithi. Nilikaa karibu na mmoja wao alipokuwa akitengeneza ilimba yake: alibandua utando mweupe wa buibui kutoka pembe ya ukuta, akaunyoosha kwa vidole viwili, akaufunikiza juu ya tundu lililo kwenye ubao wa kinanda hicho, na alipogusa vijiti vya chuma sauti iliyokuwa kavu ikapata mlio wa kutetemeka unaoujaza uwanja mzima. Akina mama wanapoingia na muheme, ngoma zimebanwa katikati ya mapaja, hakuna anayebaki kwenye picha yake. Ila siku moja bibi mmoja aliimba wimbo wa kupura mtama ambao hata vijana wa Kigogo walisema hawajawahi kuusikia, na hadi mtu alipopata simu yenye chaji ya kurekodia, bibi alikuwa amemaliza na kukaa. Hakuombwa arudie. Hakuna aliyeandika maneno yake. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu ambao sijaumaliza hadi leo.

Kulikuwa pia na kipindi kimoja kuhusu sheria, na nilijifunza kwamba kumuuzia mtu picha si kumuuzia hakimiliki yake, na kwamba kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haki hiyo hudumu uhai wote wa msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Kipindi kilikuwa kifupi mno kwa watu ambao kazi zao hupigwa picha na kuchapishwa kwenye fulana bila idhini, na natamani kirudiwe, pamoja na maelekezo ya kujisajili Baraza la Sanaa la Taifa hatua kwa hatua.

Duka dogo la klabu lina brashi, penseli na karatasi kwa bei za haki. Chai huwa ya moto na maandazi huisha mapema.

Sasa nifike kwenye lalamiko. Mwezi wa tano niliacha klabuni picha ya mafuta ya vilima vya upande wa Mlimwa wakati wa asubuhi, kazi ya majuma sita, kwa kuwa ilikuwa imechaguliwa kuingia kwenye maonyesho madogo ya wanachama. Niliiegemeza ukutani kama tulivyofundishwa. Nilipoifuata Jumamosi iliyofuata niliikuta stoo, chumba kisicho na dirisha la kufungika, imelazwa juu ya sakafu ikiwa imekutanishwa uso kwa uso na picha ya mwenzangu, na juu yake zimerundikwa viti vya plastiki. Zilikuwa zimegandana. Tulipozitenganisha anga yangu ilibaki kwenye picha yake, na sehemu ya sura ya mama yake mzazi, aliyekuwa amemchora, ikabaki kwenye vilima vyangu. Mwenzangu hakusema neno. Aliikunja shuka aliyokuja nayo akaiweka begani akaondoka. Mimi ninaweza kuvichora vilima tena kwa kuwa vipo pale pale, lakini mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Sikuona dhamira mbaya kwa yeyote: vijana waliambiwa wasafishe baraza kwa ajili ya mkutano, nao hawakuwa na mahali pa kuziweka. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Klabu inayotufundisha kwa uangalifu mkubwa namna ya kuilinda picha na vumbi kwa siku za kukauka haina rafu hata moja ya kuihifadhi baada ya hapo, wala daftari la kuandika picha gani imeingia lini na iko mikononi mwa nani.

Maonyesho yenyewe yalipofanyika yalionyesha upungufu ule ule kwa sura nyingine. Kazi zilikuwa nzuri, mbili kati yake nzuri sana, lakini nusu yake hazikuwa na kikaratasi chenye jina la msanii, mwaka na aina ya rangi, na zile zilizotundikwa ukuta wa magharibi zilipigwa na jua kali la saa tisa hadi wageni wakawa wanakinga macho kwa mikono. Mgeni mmoja alitaka kununua kazi ya ufinyanzi na alizunguka akiuliza bei kwa robo saa. Klabu hukata asilimia 20 ya mauzo, kiwango ambacho sikipingi hata kidogo, ila anayekata fungu hilo ana wajibu wa kuhakikisha kuna mtu amesimama pale akiijua bei.

Nimeyasema haya kwa sababu mipango ya msimu ujao, iliyosomwa kwenye mkutano wa wanachama wa mwezi uliopita, inahitaji msingi huo. Mpango wa kwanza, na ninaousubiri kwa hamu kuliko wote, ni safari ya kwenda Kolo, wilayani Kondoa, kuchora karibu na michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Yapo mapango na vivuli vya mawe zaidi ya 150 katika eneo hilo lililo kwenye miteremko inayopakana na Bonde la Ufa, na mwanaakiolojia Mary Leakey alifika huko mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuinakili michoro hiyo kwa mkono, mmoja mmoja. Kolo iko kando ya barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Arusha, mbele ya mji wa Kondoa, kwa hiyo basi dogo likiondoka alfajiri linafika mapema. Hapo wageni hupita ofisi ya Mambo ya Kale na kupewa kiongozi kabla ya kupanda Mongomi, kilima chenye baadhi ya michoro hiyo, ambako bado ni mahali pa matambiko kwa wenyeji na panapaswa kuingiwa kwa adabu.

Kwa sisi tuliosaga udongo wetu wenyewe, safari hii ina maana ya pekee. Watu warefu wembamba na wanyama waliochorwa huko kwa wekundu wa chuma wamebaki kwa sababu waliowachora walichagua ukuta ulioinamia mbele, wenye jiwe lililotokeza juu yake, mvua isiufikie na jua lisiukae kutwa. Ni kanuni ile ile tuliyofundishwa barazani, picha iinamie mbele, nayo hapo imefanya kazi kwa karne nyingi. Naishauri klabu iwaeleze wanachama mapema, kabla ya kupanda basi, kwamba michoro haiguswi kwa kidole, wala hairushiwi maji ili ionekane vizuri kwenye picha ya simu, kwa sababu maji hayo ndiyo yanayoimaliza. Ningependa pia kila mmoja aende na karatasi na penseli tu, rangi ziachwe nyumbani.

Mpango wa pili ni maonyesho makubwa wakati wa Bunge la Bajeti, kati ya Aprili na Juni, mji unapojaa wageni na nyumba za kulala wageni hazipatikani. Wakati huo umechaguliwa kwa akili. Tangu treni ya reli ya kisasa (SGR) ilipoanza safari za kufika Dodoma mwaka 2024, msanii wa Dar es Salaam anaweza kuja na kazi zake bila kuzipitisha kwenye mitikisiko ya buti la basi siku nzima, na klabu imesema itawaalika wachoraji na wachongaji kutoka huko waonyeshe pamoja nasi. Ninaunga mkono kwa sharti moja: mgeni asiletewe stoo niliyoieleza hapo juu. Kazi ya mtu aliyesafiri nayo ikiharibika mikononi mwetu, hatarudi, na ana haki ya kutorudi.

Upo pia mpango wa kupaka rangi ukuta wa shule moja ya msingi, ambao wanafunzi watashiriki kuuchora, na upo mpango wa kurekodi nyimbo za wazee wa vijiji vya jirani, kuanzia upande wa Chamwino. Ule wa ukuta sina shaka nao. Huu wa nyimbo ndio niliousimamia mkutanoni hadi watu wakachoka kunisikiliza. Niliomba mambo matatu yaandikwe kwenye muhtasari, nayo yameandikwa: kwamba mzee aombwe ridhaa na alipwe kabla ya kuimba, kwamba jina lake na la kijiji chake litajwe kwenye kila rekodi kama atakavyo, na kwamba nakala moja abaki nayo yeye mwenyewe au mjukuu wake mwenye simu. Niliomba pia tuanze na yule bibi wa wimbo wa kupura mtama. Katibu aliahidi kumfuata nyumbani kwake, na nilipomkumbusha juzi alinionyesha namba ya jirani yake aliyokwisha kuipata.

Kwa anayefikiria kujiunga, ningemshauri aje Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijakolea, avae nguo asiyoihurumia, aje na penseli laini na karatasi ngumu, na alipie mwezi mmoja kwanza. Darasa la wanaoanza hupokea mtu wakati wowote wa mwaka. Picha zake za mafuta azichukue aende nazo nyumbani jioni ile ile, hata kama bado ni mbichi, hadi stoo itakapokamilika.

Na stoo imeanza. Jumamosi iliyopita nilimkuta fundi seremala kutoka Sabasaba akipima ukuta wa chumba cha nyuma, akiandika vipimo kwa penseli kwenye kipande cha boksi, na pembeni yake alisimama mwenzangu ambaye sura ya mama yake ilibaki kwenye vilima vyangu. Alikuwa anamweleza fundi kwamba kila rafu isimame wima na iachane na nyingine kwa upana wa kiganja, ili picha mbili zisigusane kamwe, na fundi alikuwa akipima kiganja chake.